Soma Pindo Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kukusanya Vyombo vya Kale vya Kiingereza Vyenye Chapa za Uzalendo

Nilipoishika kwa mara ya kwanza sahani ya buluu iliyokoza kutoka Staffordshire, Uingereza, yenye umri wa karibu miaka 200, macho yangu yalikimbilia ukingoni kabla ya kuitazama picha ya katikati. Ni mazoea ya nyumbani. Mtu aliyelelewa pwani akikunjuliwa kanga huanza na pindo, akaingia mji, yaani sehemu ya katikati, halafu akasoma jina. Sikujua siku ile kwamba hiyo ndiyo njia wanayoitumia mabingwa wa vyombo hivi kumtambua aliyevitengeneza. Sahani hizi nazo zina pindo, zina mji, na zina jina, ila jina lake huandikwa mgongoni.

Katika mwongozo huu nitashikilia zaidi vyombo vilivyotengenezwa Uingereza kwa soko la Marekani kati ya miaka ya 1790 na 1840: vyenye tai, sura ya George Washington, majina ya majimbo na picha za ushindi wa vita. Ndivyo ninavyovikusanya mimi. Waingereza walijitengenezea na vyao pia, kama majagi ya kumkumbuka Admirali Nelson aliyeuawa Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805, vikombe vya kutawazwa kwa Malkia Victoria mwaka 1838, na sahani za jubilei zake za 1887 na 1897. Ukivutiwa na hivyo, hatua ni zile zile.

Kabla ya kununua chochote, elewa biashara yenyewe

Kinachonivuta kuliko yote ni hiki: vyombo hivi vinamsifu Mmarekani, lakini mikono iliyovitengeneza ni ya Waingereza waliotoka kupigana naye. Mataifa haya mawili yalipigana mara ya pili kuanzia 1812 hadi mwanzo wa 1815. Amani iliporudi, wafinyanzi wa Burslem, Hanley, Cobridge na miji ya jirani, ile ambayo leo imeungana kuwa Stoke-on-Trent, walilitazama soko la ng'ambo ya Atlantiki kwa macho ya mfanyabiashara. Wamarekani walitaka kula chakula huku wakijiona wenyewe mezani, na viwanda vyao havikuweza kushindana na vyombo hivyo kwa ubora wala kwa bei. Basi Enoch Wood na wanawe wa Burslem wakawachapia sahani ya ushindi wa Komodoro Macdonough katika Ziwa Champlain, Septemba 1814. Walioshindwa katika vita hivyo ni Waingereza! Sahani ilisafirishwa kwa mfereji hadi Liverpool, ikapakiwa melini, ikauzwa New York na Boston.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaielewa hali hiyo bila kufafanuliwa sana. Kanga zilizobeba methali zetu zilichapwa miaka mingi Uingereza, Uholanzi, India na Japani na watu ambao wengi wao hawakujua neno la Kiswahili. Kinachotakiwa kujulikana ni mnunuzi anajivunia nini, na hilo mchapaji alijifunza upesi. Ndiyo maana ninaisoma sahani ya Staffordshire kama barua ya mfanyabiashara kwa mteja wake: inaonyesha Mmarekani wa 1825 alitaka kuambiwa nini juu ya nafsi yake.

Na mfinyanzi mwenyewe hakuwa na uhakika wa kesho. James na Ralph Clews wa Cobridge, waliochapa baadhi ya sahani za uzalendo wa Kimarekani zinazopendwa mpaka leo, walifilisika mwaka 1834. James akavuka bahari, akajaribu kuanzisha kiwanda cha vyombo huko Troy, Indiana. Kiwanda hakikusimama, akarudi Uingereza. Alijua kuipamba Marekani kutoka mbali kuliko kufinyanga akiwa ndani yake.

Hatua ya 1: Jua chombo kilivyotengenezwa, maana kila alama utakayoitafuta imetokana na hapo

Mchonga nakshi alichora picha kwenye bamba la shaba nyekundu kwa mistari na nukta ndogo ndogo. Mistari ikichimbwa kwa kina zaidi, rangi hujaa zaidi na picha huiva. Bamba lilipashwa moto, likapakwa rangi ya kobalti iliyochanganywa na mafuta, kisha likapanguswa hadi rangi ikabaki ndani ya michoro tu. Juu yake ikawekwa karatasi nyembamba sana iliyolowanishwa kwa maji ya sabuni, vyote vikapitishwa katika mashine ya kugandamiza.

Karatasi iliyotoka na picha ilikatwa vipande: wa katikati mbali, wa ukingoni mbali. Kazi ya kuvibandika kwenye sahani iliyokwisha kuchomwa mara moja ilikuwa zaidi ya wanawake. Walivisugua kwa brashi ngumu mpaka rangi ikang'ang'ania udongo, wakaitoa karatasi kwa maji. Sahani ilichomwa kwa moto wa wastani ili mafuta yaungue, ikachovywa kwenye glezi, yaani maji mazito yanayogeuka tabaka la kioo, ikarudi tanurini. Kwa hiyo picha iko chini ya kioo. Kucha haiwezi kuikwaruza.

Sasa ichukue sahani uzungushe ukingo wake polepole. Mahali fulani utaona maua hayakukutana sawasawa: jani limekatika, shina limeanguka kando. Hapo ndipo vipande vya karatasi vilipounganishwa. Wageni wengi huidhani kasoro. Mimi nikikosa kuuona mshono huo ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu ni alama ya mkono wa mwanamke fulani ambaye jina lake halikuandikwa popote. Mara nyingine utaona pia mikunjo midogo ya karatasi, au ncha ya kidole imeacha kivuli cha buluu mgongoni.

Kuna aina ya zamani zaidi: majagi ya rangi ya maziwa yaliyoiva, yenye chapa nyeusi. Chapa hiyo hupigwa juu ya glezi, si chini yake. Liverpool ndiyo ilikuwa kitovu chake. John Sadler na Guy Green walitangaza kwa kiapo mwaka 1756 kwamba walichapa vigae zaidi ya 1,200 kwa saa sita. Majagi yenye Washington, meli za Kimarekani na tai yalitoka kwa wingi kuanzia miaka ya 1790, na baada ya Washington kufariki mwaka 1799 zilikuja picha za maombolezo na za yeye akipaa mbinguni. Kwa kuwa rangi iko juu, hukwaruzika na kufutika. Pitisha kidole, utaihisi.

Hatua ya 2: Chagua mlango mmoja wa kuingilia

Anayenunua kila chombo cha buluu anachokiona hujaza kabati, lakini hajui alichonacho. Chagua mlango mmoja, ukae hapo mwaka mzima. Milango iko mingi. Unaweza kufuata tukio: kuna waliokusanya ujio wa Lafayette peke yake. Jenerali huyo Mfaransa, aliyewasaidia Wamarekani kupata uhuru, alirudi kuwatembelea na kutua Castle Garden, New York, tarehe 16 Agosti 1824. Clews wakachapa mapokezi yake, meli na moshi wa mizinga, kwenye sahani, mabakuli, majagi na vyombo vya kunawia. Unaweza kufuata kiwanda kimoja. Unaweza kufuata alama moja, kama tai wa muhuri mkuu wa Marekani uliopitishwa tarehe 20 Juni 1782, ukaona kila mchongaji alivyompa mabawa ya namna yake.

Kwa anayeanza ninapendekeza sahani za majimbo za Clews. Pindo lake ni utepe unaozunguka wenye majina ya majimbo 15, na nyota zimepangwa kati yake. Katikati kuna wanawake wawili, Uhuru na Haki, Haki amefungwa kitambaa machoni, na mmoja wa wanawake hao ameshika picha ya Washington. Zilichapwa nyingi, hazina utata wa kuzitambua, na jengo lililo nyuma hubadilika kutoka chombo kimoja hadi kingine, kwa hiyo una la kutafuta kwa muda mrefu.

Hatua ya 3: Soma pindo, kisha mji, kisha mgongo

Mchongaji alipoandaa mabamba ya mfululizo mmoja, picha ya katikati ilibadilika lakini pindo lilibaki lile lile. Kwa hiyo chombo kisicho na jina la kiwanda, na vya namna hiyo ni vingi, hujitaja kwa ukingo wake. Enoch Wood na wanawe walipenda simbi na kombe za baharini. Ukiona ukingo umejaa kombe hizo, na picha ya katikati ni mandhari ya Marekani, anza kwao. Ralph Stevenson alitumia majani ya mzabibu. Alipokuwa na mshirika wake Williams, walitumia majani na matunda ya mwaloni. Joseph Stubbs wa Longport aliweka tai katikati ya maua na nakshi za kujikunja. John na William Ridgway wa Hanley, katika mfululizo wao wa majengo mashuhuri walioupa jina la "Beauties of America", waliweka maua ndani ya vijumba vilivyotengana.

Jifunze mapindo matano tu kwanza. Yachore kwa mkono. Mimi si mchoraji, lakini pindo nililolichora kwa kalamu ya risasi sijawahi kulisahau, na niliyoyatazama kwenye simu tu yalinipotea.

Hakuna alama isiyo na udhaifu, na viwanda viliigana. Pindo likikuambia jambo, uliza na mji. Tazama picha ya katikati: jengo, mavazi, meli, idadi ya nyota. Katika sahani ya John Rogers ya jengo la serikali la Boston, lile lililomalizika 1798, ng'ombe wanakula majani mbele ya jengo. Katika ile ya wahamiaji kutua Plymouth, ya Enoch Wood, tarehe imeandikwa pale pale, 22 Desemba 1620, lakini sahani ni ya wakati wa kuadhimisha miaka 200 ya tukio hilo. Tarehe iliyo kwenye picha ni ya tukio. Haikuambii chombo kilichomwa lini. Kosa hili huwanasa wengi, na wauzaji wengine hulitumia.

Kisha geuza. Mgongoni kuna maandishi ya aina mbili. Yaliyochapwa kwa buluu mara nyingi ni jina la picha. Yaliyogandamizwa ndani ya udongo mbichi, yasiyo na rangi, mara nyingi ni ya mtengenezaji: Clews walitumia duara lenye taji na neno "Warranted", Wood walitumia jina lao na mji wa Burslem. Yatazame kwa mwanga wa kulala, taa ikiwa ubavuni, la sivyo hutayaona.

Hatua ya 4: Kadiria umri bila kutegemea maneno ya muuzaji

Anza na rangi. Buluu nzito inayokaribia weusi, iliyofunika karibu uso wote, ni ya 1818 hadi 1830 hivi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1820 zikaingia waridi, zambarau, kijani, kahawia na buluu hafifu, na buluu nzito ikapitwa na wakati.

Udongo nao una lugha yake. Geuza sahani utazame pembe ambapo kikanyagio, yaani duara la chini ambalo sahani husimamia, kinakutana na tumbo, mahali glezi ilipojikusanya. Ikiwa na umanjano au ukijani hafifu, ni udongo ule wa rangi ya maziwa wa karne ya 18 na mwanzo wa 19. Ikiwa na ubuluu kama maji ya kina, ni aina iliyoanza miaka ya 1770 na kutamba mpaka miaka ya 1820. Ikiwa nyeupe tu, ni ya baadaye. Kipime pia uzito. Sahani halisi za kipindi hiki huwa nyepesi kuliko macho yanavyotarajia. Tafuta vilevile nukta tatu tatu zisizo na glezi chini ya ukingo, zimejipanga sehemu tatu: hapo sahani ilikaa juu ya vijiguu vya udongo ndani ya tanuri.

Halafu kuna tarehe za sheria, na hizi zishike kwa moyo:

- Alama ya almasi ya usajili wa michoro ilitumika 1842 hadi 1883. Kuanzia 1884 ikaja namba ya usajili yenye "Rd No".
- Neno "England" peke yake kwa kawaida ni la 1891 na kuendelea, kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka uliotangulia ilidai bidhaa zitaje nchi zilikotoka.
- "Made in England" kwa kawaida ni ya karne ya 20.
- Nembo ya kifalme ya Uingereza yenye ngao ndogo katikati ya ngao kubwa ni ya kabla ya 1837. Victoria aliporithi, ngao ile ndogo iliondolewa.

Neno hilo la "England" ndilo lililonipa somo langu la kwanza. Nilinunua sahani ya buluu kwa mtu aliyeniapia kuwa ni ya mwaka 1824, nikalipa bei ya 1824. Nilipofika nyumbani na kuiosha, neno likajitokeza chini ya uchafu. Ilikuwa kumbukumbu ya watalii, ya miaka ya 1900 hivi. Sahani za namna hiyo ziliagizwa kwa wingi na maduka ya Boston na New York, na kampuni ya Rowland & Marsellus ilijulikana sana kwa biashara hiyo. Ni vyombo halali, vingine vizuri kabisa, na mtu anaweza kuvikusanya peke yake. Lakini bei yake ni nyingine. Tangu siku ile sinunui chombo ambacho mgongo wake sijaupangusa kwa kitambaa chenye unyevu.

Kwa nakala mpya zaidi, chukua lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Chapa ya bamba la shaba huonyesha mistari iliyokatwa kwa mkono na nukta zenye ukubwa tofauti. Chapa ya kisasa huonyesha nukta za mashine, zimepangwa safu kama askari. Ukiona mgongoni maneno "Victoria Ware" pamoja na simba na farasi mwenye pembe, rudisha mezani: ni alama mashuhuri ya vyombo vya kuiga. Na mikwaruzo ya kikanyagio itazame vizuri. Matumizi ya miaka mingi huacha mikwaruzo ya kila upande, msasa huacha inayolala upande mmoja.

Hatua ya 5: Chunguza kasoro kama anunuaye chungu

Mama anayenunua chungu sokoni hukigonga kabla ya kuuliza bei. Fanya hivyo. Laza sahani juu ya ncha za vidole vya mkono mmoja, ukingo usiguse kitu, uigonge kwa kucha. Nzima hulia na sauti ikaning'inia kidogo. Yenye ufa hutoa mlio wa kukauka. Ukisikia hivyo, utafute ufa hata kama hauonekani: inua sahani dhidi ya taa, pitisha ukucha ukingoni mbele na nyuma.

Matengenezo yaliyofichwa ni hatari kuliko ufa unaoonekana. Njia rahisi ni tochi ya urujuanimno, ile ile wanayoitumia madukani kuchunguzia noti bandia. Izime taa ya chumba, umulike. Rangi na gundi mpya mara nyingi hung'aa tofauti na glezi ya kale inayoizunguka. Kama huna tochi, gusisha sehemu unayoishuku kwenye mdomo wako. Glezi ni kioo, huwa baridi na ngumu. Rangi ya juu huhisi vuguvugu na laini.

Kasoro zipi nizikubali? Utando wa nyufa ndogo za glezi, ndiyo. Mmeguko mdogo ukingoni, ndiyo, ikiwa bei imeshuka. Mikwaruzo ya visu katikati ninaipenda, kwa sababu inaonyesha mtu alikula juu ya Lafayette. Ufa unaotoka ukingoni kuingia kwenye mji, hapana, isipokuwa chombo chenyewe ni adimu. Kwa majagi, kagua kwanza mdomo na mahali mshikio unapoungana na mwili.

Hatua ya 6: Wapi ununue, na bei uijueje

Kabla ya kutoa pesa, tazama vilivyo halisi. Ukiwa Uingereza, nenda makumbusho ya Hanley, mjini Stoke-on-Trent, na ukipita Burslem ingia kiwanda cha Middleport, ambako vyombo vya Burleigh bado vinachapwa kwa karatasi kama zamani. Saa moja ya kutazama mikono ile itakufundisha kuliko mwongozo wangu huu. London kuna Victoria and Albert. Ukiwa Marekani, kuna Winterthur huko Delaware. Salem, Massachusetts, nenda Peabody Essex. Mji huo ndiko walikotoka wafanyabiashara waliotuletea kitambaa cha merikani Zanzibar, katika miaka ile ile ambayo mezani kwao Marekani kulitandazwa vyombo hivi. Mkataba wa Seyyid Said na Marekani ni wa 1833. Wapo pia wakusanyaji wenye chama chao, Transferware Collectors Club, kilichojenga hazina kubwa ya picha za michoro. Uanachama wake ni gharama inayojirudisha upesi.

Pa kununulia ni minada, maonyesho ya vitu vya kale, maduka ya mabingwa na mauzo ya mtandaoni. Ninashauri vyombo vitatu vya kwanza uvinunue kwa bingwa anayekubali kuandika kwenye risiti aina, kipindi, mtengenezaji na matengenezo yaliyofanyika. Utalipa zaidi kidogo. Ziada hiyo ni ada ya shule.

Juu ya bei, usitazame zile zinazoombwa. Tazama zilizolipwa: nyumba nyingi za mnada huweka matokeo yao wazi. Utagundua upesi kwamba umri peke yake hauleti thamani. Sahani ya kutua kwa Lafayette na ile ya Macdonough zilichapwa kwa wingi, na bado zinapatikana kwa bei ambayo mtu wa mshahara anaweza kujibana akaifikia. Mfululizo wa Thomas Mayer wenye nembo za majimbo ya mwanzo ni habari nyingine, hasa sahani kubwa za kupakulia nyama. Majagi ya Liverpool yenye meli yenye bendera ya Marekani na jina la nahodha hupanda zaidi. Kwenye mnada, kumbuka dalali ana asilimia yake juu ya bei ya nyundo, na juu yake kuna usafiri na ushuru. Andika kikomo chako kwenye karatasi ukiwa nyumbani, moyo umetulia.

Ununuzi mmoja naukataza kabisa. Kwenye makaburi ya nguzo na kwenye majumba ya kale ya pwani yetu kuna mabakuli na sahani za kigeni zilizopachikwa ukutani karne nyingi zilizopita, na mengi yamekwisha kubanduliwa yakabaki mashimo. Mtu akikuletea chombo chenye chokaa iliyoganda mgongoni, usikitolee pesa yako. Kenya kuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, Tanzania kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na zote zinalinda vitu vya namna hiyo. Lakini hata bila sheria, lile ni kaburi la mtu.

Hatua ya 7: Sahani moja ya kuitafuta kwa subira

Naomba nikae hapa kidogo. Elijah Lovejoy alikuwa mhariri wa gazeti aliyepinga utumwa. Kundi la wenye fujo lilimuua usiku wa tarehe 7 Novemba 1837 mjini Alton, Illinois, akiutetea mtambo wake wa uchapaji. Baadaye Uingereza ikatoka sahani ya buluu hafifu yenye jina lake, tarehe ya kuuawa kwake, na maneno yanayotaja adui wa madhalimu na rafiki wa watu. Katikati yamechapwa maneno ya katiba ya Marekani yanayolinda uhuru wa dini, wa kusema na wa kuchapisha.

Pindo lake si la kumfurahisha mnunuzi tu. Ukiiweka kando ya zile sahani za tai na taji za maua, unaona uzalendo wa aina mbili: mmoja unaisifu nchi, mwingine unaisomea nchi maneno yake yenyewe. Nimeishi na tofauti hiyo moyoni miaka mingi, mimi niliyezaliwa kwenye pwani ambayo soko lake la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu. Sahani hii ni adimu, na imeigwa. Ukikutana nayo, ipitishe kwenye hatua zote nilizotaja, mara mbili.

Hatua ya 8: Daftari, kuosha, kutundika

Kila chombo kiwe na ukurasa wake: tarehe ya kukinunua, mahali, bei, vipimo kwa sentimita, picha ya mbele na nyuma, kasoro zote, na sababu zako za kukihusisha na kiwanda fulani. Sababu hizo ni muhimu kuliko jina lenyewe, maana ukikosea utajua ulikosea wapi. Namba ya ukurasa iandike kwenye kijikaratasi kilichofungwa kwa uzi. Usibandike gundi mgongoni.

Osha kwa mkono, kimoja kimoja, ndani ya beseni la plastiki lililotandikwa taulo, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Maji ya moto hupanua nyufa. Dawa ya kuondoa madoa yenye klorini usiitumie kamwe: huingia chini ya glezi, ikaacha chumvi, na miezi kadhaa baadaye glezi huanza kubanduka. Doa la kahawia lililoingia ndani mwachie fundi wa kuhifadhi vyombo, au liache lilivyo.

Usipakulie chakula. Glezi za wakati ule zilikuwa na risasi, na ndimu, achari au mchuzi wa nyanya huweza kuitoa. Ukivipanga kimoja juu ya kingine, weka kitambaa laini katikati, na visizidi vinne au vitano.

Kwa safari, funga kila sahani peke yake, isimamishe kwa ukingo wake ndani ya sanduku, wala usiilaze. Sanduku hilo liingie ndani ya sanduku kubwa zaidi lenye kitu laini pande zote. Mizigo ya vitu vya kale vyenye zaidi ya miaka 100 ina kundi lake la forodha duniani kote, namba 97.06. Mwambie wakala wako aitumie, na uambatishe risiti yenye kipindi cha chombo.

Ukutani, epuka vishikio vya chuma vyenye springi. Hubana ukingo mchana na usiku, na kwa unyevu wa bahari hupata kutu inayoingia kwenye nyufa. Tumia waya uliofunikwa mpira, ulegee kidogo kiasi kwamba sahani inaweza kuzunguka kwa kusukumwa na kidole. Nyumbani Mombasa nimeziweka tatu kwenye zidaka, zimeegemezwa juu ya vigingi vya mbao, pindo likionekana lote, mbali na dirisha linalogongwa na upepo wa kusi.